Bomba la Mtaa wa Mchongoma

...na huyu namba kumi na mbili hajamaliza, kashika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa uji wa moto, anaeleza habari za mita yake tangu siku ilipofungwa, mwezi kwa mwezi, na mwenyekiti wa kikao hiki cha bei ya gesi kamwachia, mama mpole yule, Mama Auleria, anaandika kila neno, basi ikiisha hadithi ya mita atakuja namba kumi na tatu, kisha kumi na nne, na kumi na nne ndiyo iliyo mkononi mwa Hashil, kikaratasi cha njano alichopewa mlangoni, kimeshalowa jasho mpaka ile nne imeanza kufanana na tisa, na laiti ingekuwa tisa kweli, angekuwa ameshazungumza na ameshashika njia ya Tabata saa hizi, au angesimama na kusema, Mheshimiwa Mwenyekiti, swali langu limeshaulizwa na wenzangu, ahsante, kama walivyosema wawili watatu asubuhi hii, na angekaa, nani angemlaumu, mtu mzima wa miaka sitini na sita, mwenye kisukari, kakaa ukumbini tangu saa mbili na nusu kwenye kiti cha plastiki... lakini swali lake halijaulizwa na mwenzake yeyote, hilo analijua, na wale wanne waliokuja naye kutoka Mtaa wa Mchongoma, waliokaa mstari wa nyuma yake, nao wanalijua, Khalfani fundi cherehani yupo hapo hapo kisogoni, Hashil anamsikia akipumua, anamsikia akikohoa kile kikohozi chake cha kumkumbusha mtu, na pale mbele, jukwaani, upande wa kulia, kwenye meza ndefu ya kampuni ya gesi iliyotandikwa kitambaa cha bluu, kiti cha tatu, amekaa Salsabil, mwanawe, mtoto wake wa pekee, kajifunga mtandio wa kijivu aliouazima kwa mama yake, mbele yake kuna kibao kidogo cheupe, Mchambuzi wa Bei, na tangu mkutano uanze hajamtazama baba yake hata mara moja.

Si kwamba hajamwona. Watu mia na hamsini si watu wengi, na Hashil kavaa kanzu na kofia yake ya viua, kakaa mstari wa pili, haiwezekani asimwone, asubuhi walikunywa chai meza moja, mkate wa jana na maharage, kisha yeye akatangulia na gari la ofisini lililomfuata na baba akaja kwa njia yake, kama watu wa nyumba mbili... na alipopanda pale mbele kueleza maombi ya kampuni alieleza vizuri, hilo lazima mtu aseme, dakika arobaini bila kujikwaa, picha zinapita ukutani, mistari, duara zenye rangi, "Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa mamlaka, na wananchi mliofika, kampuni inaomba kurekebisha bei ya gesi asilia ya majumbani na ya biashara ndogo," kurekebisha, neno zuri hilo, Hashil katika miaka arobaini ya kuoka mikate hajawahi kurekebisha bei, kapandisha, na watu wakamnunia wiki nzima kisha wakazoea, na hakuna siku aliyopangiwa ukumbi Mwenge akasimama mbele ya watu kueleza kwa nini, na yeye huyo huyo Salsabil ndiye aliyemfahamisha tofauti, mwaka wa kwanza wa kazi yake, Jumapili moja wakiwa kiwandani, yaani kiwanda ni kusema tu, chumba kimoja na oveni na meza ya kukandia, akamwambia, "Baba, wee mkate unaupangiaje bei? Unga, hamira, kuni, mishahara ya vijana, halafu oveni yenyewe, uliinunua, lazima irudishe hela yake na faida kidogo juu. Sie na gesi ndo hivyohivyo. Ila wee ukizidisha, mteja anakwenda duka la pili. Bomba ni moja, mteja hana pa kwenda, kwa hiyo lazima tuombe mamlaka, tuwaoneshe kila kitu." Akamuuliza, "Kila kitu?" Akasema, "Kila kitu, Baba. Na oveni isiyochoma mkate haiingii kwenye hesabu, mteja halipii chombo asichotumia." Na yeye alifurahi siku ile, alitembea nalo neno lile sokoni akiwaeleza watu, mwanangu kanambia hivi na hivi, mteja halipii chombo asichotumia, aliliona ni neno la haki, neno ambalo hata msikitini ungelisema.

Namba kumi na mbili amefika mwezi wa Ramadhani wa mwaka jana. Mwanamke mmoja nyuma anacheka kidogo, mwenyekiti anamwambia mzee ufupishe, namba kumi na mbili anasema naam nafupisha, na anaendelea palepale alipokuwa... Jumanne, sasa, Jumanne ndiyo siku iliyoharibu, bora asingepita ofisi ya serikali ya mtaa Jumanne, alikwenda kwa jambo jingine kabisa, barua ya utambulisho ya kijana wake mmoja, akakuta kitabu kimefungwa kwa kamba juu ya meza ya mtendaji, maombi ya kampuni, muhtasari wa Kiswahili, mwananchi yeyote aje asome, na hakuna aliyesoma maana kurasa zilikuwa bado zimeshikana, akavaa miwani akasema nione kazi ya mwanangu, kwa fahari kabisa, maana alishasikia nyumbani, "Majedwali yote nimetengeneza mie," basi akafungua, akapita maneno, akafika kwenye majedwali, orodha ya mabomba mtaa kwa mtaa, urefu, mwaka wa kufukiwa, hali, na akatafuta mtaa wake kama mtu anavyotafuta jina lake kwenye matokeo, akaupata. Mtaa wa Mchongoma, Tabata. Kilomita moja na nusu. Hali: linatumika. Akavua miwani, akaifuta kwenye kanzu, akavaa tena, na lilikuwa bado linatumika.

Linatumika na nani? Miaka mitatu lile bomba liko chini ya ardhi na halijapitisha hata pumzi, limeishia bondeni, kile kipande cha kuvuka bonde hakijawekwa mpaka leo, mwisho wake umechomoza ukingoni umefungwa kizibo, watoto wanakaa juu yake wakila miwa, kila mtu Mchongoma analijua hilo. Na nani alilileta? Hapo ndipo panapomkaa Hashil kifuani kama tonge kavu. Kampuni ilileta, ndiyo, Gervas, yule bwana mwenye kipara aliyekaa kando ya Salsabil pale mbele, meneja sasa, wakati ule alikuwa mtu wa kuzunguka mitaani na makoti ya njano na ramani, aliingia kiwandani saa kumi jioni akaletewa chai na mkate wa moto, akala vipande vinne, akasema, "Mzee, mtaa huu unakusikiliza wewe. Wakikubali tuchimbe mbele ya vibaraza vyao, miezi sita gesi ipo," na Hashil akamwamini, kwa nini asimwamini, moshi wa kuni ulikuwa unamuua Khulud, mke wake, kifua usiku kucha, akaenda mlango kwa mlango, akamwambia Khalfani vunja kibaraza utajengewa kingine, na Khalfani alikaa na kile kibaraza tangu aoe, ndipo alipowekea cherehani, akavunja kwa ajili ya neno la Hashil, na Hashil mwenyewe akabomoa tanuri la kuni alilojenga marehemu baba yake, matofali ya kuchoma yaliyotoka Pugu, akanunua oveni ya gesi, nzima, mpya, na leo Khulud anahifadhi humo masufuria ya shughuli, na Hashil kajenga kitanuri kingine cha kuni uani, kidogo, cha aibu, na kifua cha Khulud kiko vilevile. Hayo mtu angeyabeba. Watu hudanganywa, si yeye wa kwanza. Lakini siku ile ile ya chai na mkate Gervas alimwona Salsabil akiingia na mafaili yake ya chuo, akauliza anasoma nini, akaambiwa uhasibu, kamaliza, anatafuta, akasema, "Alete barua," na akapeleka, na alifanya usaili, walikuwa watu themanini, alipata kwa akili yake, Hashil anajua alipata kwa akili yake, mtoto huyu alikuwaga wa kwanza tangu darasa la tatu... lakini barua ilipita wapi? Mwaka mzima hakuna mtu mtaani aliyelisema, mpaka siku moja Khalfani, akipima suruali ya mtu, sindano mdomoni, akasema bila hata kuinua kichwa, "Mzee Hashil, wewe umepata mtoto kaajiriwa, sie tumepata shimo."

Na hawa hawa ndio waliomchagua Alhamisi aje awasemee. Walijaa kwenye ule uwanja mdogo wa msikiti, wakasema aende nani, na Khalfani akasema aende Mzee Hashil, kwa sauti ya kawaida tu, na watu wote wakamtazama, na yeye akafahamu anapewa nafasi na anawekewa mtego kwa pamoja, akasema nitakwenda. Akinyamaza leo watasema kazi ya mtoto ndiyo iliyomfunga mdomo, watasema na watakuwa na haki. Akisema, basi mwanawe ndiye aliyesimama mbele ya watu asubuhi hii na jedwali hilo ukutani, wino wake, hesabu zake, na kabla ya kusimama ameapa, wote wa meza ya kampuni waliapishwa, Gervas kwa Biblia, Salsabil kwa msahafu, Hashil aliona midomo yake ikisema wallahi, mkono mdogo ule, pete ya mama yake, kisha picha ya jedwali ikaja ukutani na akasema, "Jumla ya kilomita mia moja na kumi na mbili zinazotumika," na akapita upesi kwenda picha nyingine... kasema zinazotumika. Keshalisema. Kwa hiyo swali la baba yake si swali tena, ni shoka.

"Nashukuru, Mheshimiwa," anasema namba kumi na mbili, na ukumbi unashusha pumzi. Gervas anajibu kwa niaba ya kampuni, mita itafuatiliwa, mzee aache namba ya simu, jibu zuri, fupi, na namba kumi na tatu anaitwa, mwalimu Bupe wa Ukonga, mwanamke mrefu mwenye kitabu cha mazoezi mkononi, anasimama anasema shikamooni wakubwa, na Hashil anaitikia marahaba kwa mazoea, na baada ya huyu hakuna mtu... Kwa nini hakumuuliza nyumbani? Hilo sasa. Jumanne alirudi, alimkuta jikoni na mama yake wanakuna nazi, alikuwa na neno mdomoni kabisa, Salsabil, hili bomba letu umeliandikaje, maneno matano tu, angeuliza akanawa mikono wakala. Hakuuliza. Jumatano hakuuliza. Alhamisi kachaguliwa, karudi, hakuuliza. Alijiambia anamhurumia mtoto, kachoka, anarudi na makabrasha, macho mekundu, si wakati wake. Alijiambia, labda hajui, labda kaletewa orodha na mafundi akapanga tu, mtu wa ofisini ataujuaje ukingo wa bonde... lakini anaishi pale, mjinga wee, anapita juu ya bomba lile kila asubuhi na viatu vyake, masufuria ya mama yake yamo ndani ya oveni ya gesi, yeye ndiye anayeyatoa kukiwa na hitima, asijue vipi? Anajua. Alijua. Na Hashil tangu Jumanne alijua kwamba anajua, na ndiyo maana hakuuliza, basi, lisemwe lilivyo, haikuwa huruma, alikuwa anaogopa kukaa kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya sahani yake mwenyewe, na mtoto amjibu kwa ile sauti ya dakika arobaini, Baba, kitaalamu linahesabika kuwa linatumika, na yeye aseme aa, sawa, na waendelee kula. Hapa ukumbini walau kuna watu. Nyumbani kungekuwa na wao watatu tu na lile jibu lingekaa nao mpaka kufa.

Au angemjibu jingine. Angemwambia, Baba, na wewe si ulijua barua yangu imepita wapi? Astaghfirullah. Hilo nalo lilikuwepo, chini kabisa.

Mwalimu Bupe anauliza swali zuri, kasoma kitabu kile kweli, anasema, "Naomba kufahamu, Mheshimiwa. Kampuni inasema gesi inayopotea njiani imepungua. Imepungua kwa sababu mabomba yametengenezwa, au kwa sababu mmebadilisha namna ya kupima?" Na watu wanageuka kumtazama, na pale mbele Salsabil ananyanyua uso, ananyanyua mkono kuelekea maikrofoni, kidogo, kama mtu anayetaka kumfukuza nzi, na Gervas bila kumtazama anaisogeza maikrofoni kwake, taratibu, kwa vidole viwili, anajibu yeye, "Imepungua, Mheshimiwa, kama jedwali linavyoonesha," na mwalimu anasema hilo silo nililouliza, na mwenyekiti anasema kwa upole, "Kampuni ijibu swali lililoulizwa. Mwalimu, rudia swali lako." Anarudia. Gervas anajibu tena, maneno mengi zaidi, na safari hii ndani yake limo jibu, wamebadilisha namna ya kupima, limefunikwafunikwa lakini limo, mwenyekiti kaandika. Hashil kaona. Hakuwa anatazama hilo, alikuwa anatazama mkono wa Salsabil ulivyorudi juu ya kitambaa cha bluu na kukaa pale, kiganja chini, kama mkono wa mtoto aliyekatazwa chakula, na kitu kinamgeuka Hashil kichwani, polepole, kinagoma kisha kinageuka... huyu hana zamu. Watu wote ukumbini wana zamu, namba kumi na mbili na mita yake ana zamu, mtu yeyote aliyepita mlangoni kapewa kikaratasi cha njano, yeye hana, yeye anajibu akiulizwa, na akiulizwa mwenzake ndiye anayejibu, kaa miaka miwili kwenye kiti hicho uone. Leo asubuhi kwenye chai alisema nini? Alisema, "Baba, utakwenda?" Akamjibu nitakwenda. Akanywa kidogo, akasema, "Utauliza?" Akamjibu, nimetumwa na watu. Na yeye akavunja mkate akasema, akiuambia mkate, "Wajumbe wanapenda swali fupi. Maneno yakiwa mengi Gervas anachukua yaliyo mepesi." Na Hashil aliona anaonywa, aliona anaambiwa usiniaibishe mzee wangu, alikasirika, aliondoka mezani bila kusema bismillahi ya safari... na kumbe je? Kumbe labda alikuwa anafundishwa pa kupiga? Au hapana, labda ni yeye tu anataka iwe hivyo, baba gani asingetaka, mtu ukitaka jambo unalisikia hata kwenye mvua. Hajui. Ataondoka kitini hapa hajui. Anachojua ni kwamba siku nne amekaa akijiambia anamlinda mtoto asiulizwe, na mtoto wa watu kakaa pale mbele, kiganja chini, na hakuna anayemuuliza.

"Namba kumi na nne." Tayari. Mwalimu Bupe keshakaa, lini kakaa? "Namba kumi na nne, Mtaa wa Mchongoma, Tabata." Khalfani anakohoa. Hashil anasimama, goti linalia, mhudumu anamletea maikrofoni, ni nzito kuliko alivyodhani, na mkono mwingine una karatasi aliyoandika jana alasiri, pande mbili, inaanza na salamu kwa mamlaka, kisha historia ya mtaa, kisha kifua cha mke wake, kisha kibaraza cha Khalfani, kisha haki na dhuluma kwa jumla, karatasi nzuri, alisoma mara tatu na ikamliza kidogo mahali pa kibaraza... anaikunja. Anaitia mfukoni. Anasema, na sauti yake inatoka kwenye spika za ukutani ikiwa ya mtu mwingine, ya mzee zaidi, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naitwa Hashil, mwoka mikate. Ukurasa wa majedwali, Mtaa wa Mchongoma, kilomita moja na nusu, pameandikwa linatumika. Bomba hilo, gesi imewahi kupita ndani yake?"

Basi. Hilo tu. Nyuma yake wanangoja aendelee, anawasikia wakingoja, haendelei. Mwenyekiti anafungua kitabu, anatafuta kwa kidole, wajumbe wawili wa pembeni nao wanafungua, na Gervas keshaivuta maikrofoni, anatabasamu, anasema, "Nimshukuru sana mzee wangu, tunafahamiana siku nyingi, ni mdau wetu mkubwa, Mheshimiwa mradi wa Tabata ni wa awamu..." na mwenyekiti, bila kunyanyua kichwa, anasema, "Nani aliandaa jedwali hili?" Kiti kinavutwa, cha tatu, miguu yake inakwaruza mbao za jukwaa, na Salsabil anasimama maana mwenyekiti alishasema tangu asubuhi anayejibu kwa kiapo asimame, na sasa anamtazama baba yake, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu chai, na macho yake hayana kitu ambacho Hashil anaweza kukisoma, si hasira, si shukrani, ni macho ya mtu aliyefika ng'ambo na bado anahema. Anasema, "Mimi, Mheshimiwa."

"Jibu swali la mwananchi."

"Haijawahi kupita. Bomba lipo chini, halijaunganishwa bondeni."

Watu wananong'ona, nong'ono inaanzia mstari wa Khalfani inakwenda nyuma kama maji, na mwenyekiti anagonga meza kwa kalamu, anauliza, na sauti yake haijapanda, "Kwa nini basi limeandikwa linatumika?" Na Gervas anasema Mheshimiwa naomba, na mwenyekiti anasema nimemuuliza aliyesimama. Salsabil anashika ukingo wa meza. "Mimi niliandika halijaunganishwa. Jedwali lilipotoka kwa wakubwa lilikuwa limeandikwa linatumika. Nikaliona, nikaambiwa litaunganishwa kabla bei mpya haijaanza." Anauachia ukingo wa meza. "Leo asubuhi nilipolisoma mbele yenu, nilikuwa nalijua."

Nilikuwa nalijua. Kasema mwenyewe, hakuulizwa hilo, hilo halikuwemo kwenye swali la mtu yeyote. Basi Hashil alikuwa sahihi siku nne zote, mwanawe alijua, alikula nalo Jumanne, alikuna nazi nalo, na yeye baba yake alikula nalo upande wa pili wa sahani, watu wawili wenye siri moja wanapokezana chumvi, na sasa liko nje, limeandikwa, kalamu ya mwenyekiti inakwenda, na haioni furaha aliyodhani ataiona mtu aliyesema haki, anaona kazi ya mwanawe ikienda, anaiona kabisa, kama mtu anavyoona gari la mwisho likikata kona, kiti cha tatu, kibao cheupe, gari la ofisini asubuhi, na Khulud atauliza imekuwaje na atamjibu nini, nilimuuliza swali, swali gani, swali fupi... Mjumbe wa kushoto anauliza, "Mitaa mingine ya namna hiyo ipo?" Na Salsabil anasema, "Ipo. Minne." "Itaje." Anaitaja, mmoja mmoja, na urefu wake, hana karatasi, anavijua kwa kichwa, mtaa wa kwanza sauti inatetemeka, wa pili haitetemeki, na wa tatu Hashil anaisikia sasa, ile si sauti ya dakika arobaini, ni ya kwake mwenyewe, ya kiwandani Jumapili, ya unga na hamira. Gervas anatazama kitambaa cha bluu. Mhudumu anakuja kuchukua maikrofoni, Hashil anampa, na mhudumu anamwonesha kiti, kaa mzee wangu, zamu yako imekwisha, na mtu wa nyuma anasema kwa adabu, "Mzee, tunaomba ukae, hatuoni mbele," na hata Khalfani, Khalfani mwenyewe, anamgusa mgongoni na kusema taratibu, "Yatosha, Mzee Hashil, umesema, kaa," na goti linamwambia hivyo hivyo, na pale mbele mjumbe wa kulia kapata swali lake, ni lini, nani aliyebadilisha, kuna waraka, maswali yanakuja mfululizo sasa na yatachukua muda, na Hashil anasikia yote, anasikia kiti kikimgonga nyuma ya miguu pale mtu alipokisogeza ili akae, na hakai, bado amesimama, kwa kuwa mwanawe naye bado amesimama.